Mashamba ya watu wasiokuwepo: maneno juu ya parke za taifa

Maneno yaliyotolewa na timu ya mashambani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya historia na maana ya parke za taifa. Tuseme ukweli: tulipopewa kichwa hicho tulifikiri ni cha watu wa Goma, wenye volkano na ngagi. Siye wa Fizi tuna nini na parke? Halafu tukakumbuka ramani. Wengi wenu mnaijua ile ramani tuliyochora mwaka jana katika vijiji vya kandokando ya rezerve ya Itombwe, na mnajua pia makelele iliyoleta. Tutaifikia. Lakini tunaomba tuanze mbali kidogo, mtuvumilie.

Kule Nyarugusu tulijifunza neno moja la Kiswahili cha Tanzania ambalo huku kwetu hatukuwa tukilitumia sana: hifadhi. Mzazi akiulizwa na karani wa kambi amekuja kutafuta nini, alijibu, natafuta hifadhi. Na kweli tulipewa, Mungu awabariki. Sasa, katika nyumba ya jirani yetu mmoja kulikuwa na kalenda ya ukutani iliyotoka Kasulu, yenye picha ya simba, na chini yake maandishi: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtoto mmoja wa umri wetu akauliza kama na huko pia kuna wakimbizi. Watu wazima walicheka mpaka machozi. Leo siye tuliokuwa watoto wakati ule tuna diplome za chuo kikuu, na hatuoni tena kama lilikuwa swali la kijinga. Neno ni moja. Hifadhi moja inamwingiza mtu aliyefukuzwa kwake, hifadhi nyingine inamtoa mtu kwake ili mnyama akae salama. Ilikuwaje?

Parke ya kwanza ya taifa duniani, kwa maana inayotumika leo, ni Yellowstone ya Marekani. Ilitangazwa mwaka 1872. Sifa zake ni maji ya moto yanayoruka kutoka ardhini, mabonde, nyati wengi. Watu hawatajwi. Kumbe walikuwepo: makabila ya wenyeji walikuwa wakiwinda na kupita humo tangu enzi za mababu zao, na waliondolewa. Mwaka 1919 mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea Marekani, akaziona parke za taifa za huko, akazipenda. Kongo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji.

Miaka miwili baadaye, 1921, Mmarekani mmoja aitwaye Carl Akeley, fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa wasimame kama wazima ndani ya makumbusho ya New York, alipanda Mikeno na Karisimbi kutafuta ngagi. Alipata aliowataka, wakauawa, wakapelekwa, na mpaka leo wako nyuma ya kioo huko New York. Lakini kitu kilimgusa. Aliporudi kwao alianza kuwaomba wakubwa wawalinde wale waliobaki. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ya mfalme ikatoka, ikazaliwa Parc National Albert, parke ya kwanza ya taifa katika Afrika nzima. Ndiyo hii tunayoiita Virunga. Akeley alirudi mwaka 1926, akaugua njiani, akafa, akazikwa huko huko Kabara, kwenye mteremko wa Mikeno. Watu wanapenda kusimulia hadithi hii na kweli ni nzuri. Ila mara nyingi ikisimuliwa, wale waliobeba mizigo yake na kumwonyesha njia ya kwenda kwa ngagi hawana majina.

Basi tuulize swali la mwanakijiji: mfalme aliipata wapi ardhi ya kutoa zawadi?

Jibu liko nyuma zaidi. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Leopold II ilipokuwa changa kabisa, amri ilitolewa kwamba ardhi zisizo na watu ni za serikali. Kwa Kifaransa waliziita terres vacantes. Wazee, hapa ndipo pa kusimama, ju kila kitu kingine kimetoka hapa. Kwa yule aliyeandika amri, ardhi yenye mwenyewe ilikuwa ile yenye nyumba juu yake na shamba linalolimwa mwaka huo. Iliyobaki ni tupu.

Mama yeyote aliyekaa hapa anajua kosa liko wapi. Unalima kipande miaka miwili, mitatu, mihogo inaanza kuwa midogo, unakiacha kilale. Majani yanaota, halafu vichaka, halafu miti. Mgeni akipita mwaka wa saba anaona msitu. Wewe unaona shamba la mama mkwe wako lililopumzika, na unajua mwaka gani litaamka. Tena hata pale pasipolimwa kabisa, pana mtu. Kuna mahali pa mizinga ya asali, kuna mianzi ya kujengea, kuna mti ambao gome lake ni dawa ya mtoto, kuna uyoga wa mwezi fulani, kuna kijito cha wanawake na kijito cha kuloweka mihogo. Kuna msitu wa jando, ambao hakuna aliyethubutu kukata hata kijiti. Wazee wetu walikuwa na miiko yao: mnyama huyu haliwi na ukoo huu, kilima kile hakipandwi. Hawakuiita parke. Lakini ngagi wa Itombwe waliishi jirani na watu hao mpaka wazungu walipofika wakawakuta wazima.

Tusipake asali pasipostahili, wazee nao waliwinda, na walikula. Tunachosema ni kwamba msitu ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na sheria.

Parke ya Albert ilianza na hekta 20,000 na kitu, kwenye volkano chache tu. Kufika 1935 ilikuwa imevuka hekta 800,000, kutoka volkano hadi milima ya Ruwenzori. Katika bonde la Semliki ugonjwa wa malale ulikuwa umewashika watu, wakahamishwa ili wapone. Ugonjwa ulipopungua, mpaka ulikwisha kupita nyuma yao. Shikeni vizuri hiyo: waliondoka kwa sababu ya kweli, kuokoa maisha, na walipogeuka kurudi wakaambiwa, hapa hapana mtu.

Wanachama wa chama hiki hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Uhuru ulikuja 1960. Wakubwa walibadilika, mipaka haikubadilika. Mwaka 1969 parke ilipewa jina la Virunga, na serikali ya Mobutu ikaongeza nyingine: Kahuzi-Biega, Salonga, Maiko, zote mwaka 1970. Kahuzi-Biega ndiyo iliyo karibu nasi, hapo juu ya Bukavu. Ilianza na kilomita za mraba 600 hivi, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka karibu 6,000. Batwa waliokuwa wakiishi kwenye msitu wa mlimani walitolewa bila fidia. Waliwekwa pembeni za mashamba ya watu wengine, wakawa vibarua na waombaji mahali ambapo jana yake walikuwa mabwana wa msitu.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi wenyewe tulilisoma mara mbili, tukidhani tumekosea mwaka. Ni mwaka huo huo wa 1975 ambapo mkutano mkubwa wa dunia wa watu wa kulinda mazingira ulifanyika nchini kwetu, Kinshasa. Ulipitisha azimio zuri sana, kwamba watu wa asili wasiondolewe kwenye ardhi zao bila kuulizwa, na kwamba ardhi yao inaweza kulindwa bila wao kunyang'anywa. Mezani hivyo, msituni vile. Ilichukua karibu miaka hamsini mpaka, mwaka 2024, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulipotangazwa, ukisema serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Miaka hamsini. Waliotolewa wakiwa watu wazima wengi wao wamezikwa.

Ng'ambo ya ziwa mambo hayakuwa tofauti sana. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959, wakapelekwa upande wa Ngorongoro. Lakini Tanzania ina habari moja nyingine ambayo inatuhusu, na wazee wengine hapa wanaikumbuka ingawa hawapendi kuitaja. Siku isiyo na ukungu, ukiwa Ubwari, unaona milima ya upande wa Kigoma. Huko iko Gombe, hifadhi ndogo ya sokwe, tangu 1968. Mwezi wa Mei 1975 wapiganaji waliokuwa na maficho katika milima yetu ya Fizi walivuka ziwa usiku wakateka wanafunzi wanne wa kizungu waliokuwa wakisoma tabia za sokwe. Baadaye waliachiliwa. Wageni wakaondolewa Gombe, na kila mtu alidhani kazi imekufa. Haikufa. Wenyeji wa Kigoma, waliokuwa wameajiriwa kama wasaidizi, wakaendelea kufuata sokwe kila asubuhi na kuandika kwenye madaftari. Walimjua kila sokwe kwa jina lake na jina la mama yake. Tunawaambia wafadhili hiyo kwa makusudi. Gari likiondoka, anayebaki na msitu ni mwenyeji.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana tukiishia hapo tutakuwa tumedanganya.

Kuna vijana hapa wanaosema: parke ni wizi wa wazungu, basi ifungwe, tulime, tuchimbe. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Angalieni Virunga. Miaka ya 1970 viboko wa ziwa Edward na mito yake walikuwa zaidi ya 25,000. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Waliliwa, wengi na watu wenye bunduki. Na kiboko akiisha, samaki naye anapungua, ju mavi ya kiboko ndiyo yanayorutubisha maji wanamolishia samaki. Waulize wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge kama waliona faida.

Tuseme na la kwetu wakimbizi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waliwekwa katika makambi pembeni mwa Virunga: Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo. Walihitaji kupika. Walikata kila siku, mlima ukabaki upara. Mwaka ule ule Virunga iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mpaka leo imo. Tunaweza kuwalaumu? Sisi wenyewe kule Nyarugusu mwanzoni tulipata kuni karibu na hema, baadaye ikawa mwendo wa saa, baadaye nusu siku, na akina mama wanajua yaliyowapata njiani. Msitu ulikuwa umekwisha. Mkimbizi hachagui, lakini anakata.

Tena kuna walinzi. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa katika shambulio moja. 12 kati yao walikuwa walinzi, wengine raia waliokuwa njiani. Ni vijana wa kawaida wa Kivu, watoto wa watu kama nyinyi, wenye mshahara mdogo na watoto wadogo nyumbani. Yule anayekufukuza kwenye shamba na yule anayekufa kwa ajili ya msitu anaweza kuwa mtu mmoja. Hatuwezi kulirahisisha hilo.

Na maji. Milima ya Itombwe ndiyo tangi letu. Mutambala haitoki hewani, inatoka huko juu. Wengi mlikuwa na ndugu Uvira mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoteremka usiku na mawe na nyumba za watu. Mteremko usio na mti haushiki mvua. Anayesema msitu hauna kazi, tunamwomba aende aangalie mawe yale.

Kwa hiyo tunataka msitu ubaki. Swali letu ni lile la amri ya 1885: nani anasema wapi pako tupu?

Itombwe yenyewe inatufundisha. Mwezi wa Oktoba 2006 karatasi ilitiwa sahihi Kinshasa, Itombwe ikawa rezerve. Wenye ardhi hawakuulizwa. Lakini kumbukeni Oktoba 2006 sisi tulikuwa wapi. Meli za kuturudisha zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza mwaka mmoja nyuma, Kigoma hadi Baraka, watu wakishuka na vyombo vyao, na mbuzi mmoja mmoja. Wengi wetu tulikuwa bado Nyarugusu na Lugufu, tukisubiri orodha. Yaani mpaka ulichorwa juu ya milima yetu wakati wenyewe wako ng'ambo ya ziwa, wakila mahindi ya manjano ya msaada.

Machefu na wazee waliobaki walikataa. Walikataa kwa sauti, na mara hii, ajabu, walisikilizwa. Kazi ikaanza upya: watu walizunguka kijiji kwa kijiji, wakachora ramani zao wenyewe, wakabishana, wakatofautisha mahali pa kulindwa kabisa na mahali pa kuishi na kulima. Ilichukua miaka. Mwaka 2016 mkoa wa Kivu ya Kusini ulitoa mipaka mipya, kama kilomita za mraba 5,700, midogo kuliko ile ya kwanza. Haikumridhisha kila mtu. Dhahabu inachimbwa humo, mbao zinatoka humo, na wenye bunduki wanajua njia kuliko sisi. Lakini mpaka uliotembewa na watu ni tofauti na mpaka uliochorwa mezani: ukibishaniwa, kuna mzee wa kusema, nilikuwepo.

Tangu 2014 hata sheria inatupa nguvu. Sheria ya Februari 2014 juu ya kulinda mazingira inataka uchunguzi wa wazi mbele ya watu kabla eneo jipya halijafungwa. Na amri ya Agosti mwaka huo huo inaruhusu jamii kuomba msitu wake wenyewe, mpaka hekta 50,000, ikausimamia kwa sheria zake. Sio maneno ya redio hayo, watu wa sehemu nyingine za Kivu wamekwisha kuomba.

Sasa ramani yetu.

Mwaka jana tulipita na vifaa vya GPS katika vijiji vya pembeni mwa rezerve. Mradi ulikuwa wa miezi mitatu, na miezi mitatu ni miezi mitatu. Mfadhili anataka ripoti, mhasibu anataka risiti. Tuliandika kila shamba ambalo mwenyewe alikuwepo na aliweza kusimama juu yake. Pale ambapo hakusimama mtu, mwenzetu wa kompyuta alipaka rangi ya kijani. Tuliona ni sawa. Tulisoma hivyo.

Baada ya miezi michache mama mmoja akarudi kutoka Nyarugusu. Alikimbia mwaka 1998 na mtoto mgongoni. Amerudi na wajukuu. Alikuja kwenye ramani iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule, akatafuta kilima chake kwa kidole.

"Hapa ni kwa baba mkwe wangu. Mumeandika nini?"

Tukamwambia, "Msitu, mama."

"Msitu wa nani?"

Hatukuwa na jibu. Akatupeleka. Tulitembea asubuhi nzima, yeye mbele, sisi nyuma na viatu vyetu vya mjini vikivuta maji. Kweli palikuwa na miti, mikubwa mingine. Akatuonyesha miavoka mitatu iliyosimama kwa mstari katikati ya kichaka.

"Wanangu, nyinyi mumesoma. Avoka inaweza kujipanda yenyewe kwa mstari?"

Pembeni kulikuwa na mawe ya makaburi mawili. Akafyeka majani kidogo kwa mkono, hakusema kitu, na sisi hatukusema.

Ripoti ilikuwa imekwisha kwenda. Ramani ile iko kwenye ukurasa wake wa kwanza, na wafadhili mlioko hapa mlitusifu kwa ajili yake. Tunasimama mbele yenu kusema kwamba tulifanya kile kile cha 1885. Hatukuwa na nia mbaya, hata wale waliowahamisha watu wa Semliki labda hawakuwa nayo. Tulikuta mahali pasipo na mtu tukaandika tupu. Na sisi, zaidi ya watu wote, ni watoto wa kambi! Tulipaswa kujua kwamba mtu asipokuwepo haina maana kwamba hayupo.

Tumekubaliana na kamati mambo yafuatayo, na tunaomba mkutano uyaseme ndiyo au hapana leo hii. Ramani ile ifutwe, ianze upya. Mara hii tusiandike tu waliopo. Kila familia itaje ndugu walioko bado Nyarugusu, au Kigoma, au Uganda, na kilima walichokiacha; jina litaandikwa hata kama mwenyewe atarudi baada ya miaka kumi. Kijani kisipakwe mahali popote mpaka wazee wawili wa koo tofauti wamesema pale hapakulimwa kamwe.

Tunajua hatari yake. Mtu anaweza kutaja kilima kisicho chake. Tena kilima kimoja kina wanaokidai wawili na watatu: kuna aliyelima zamani akakimbia, kuna mfugaji aliyelisha ng'ombe hapo naye akakimbia vita vingine, kuna Batwa waliokuwepo kabla ya wote, kuna familia iliyokimbilia hapo juzi na sasa ina mihogo ardhini. Ikiwa orodha itakuwa ya kabila moja tu, tunawaambia mapema, sisi hatutaishika kalamu. Yote yaandikwe, hata yanayogongana. Kuyatatua ni kazi ya baadaye, ya machefu na ya subira. Lakini lisiloandikwa halitatatuliwa, litapakwa rangi.

Wafadhili wetu, kwenu tuna ombi moja tu, nalo si fedha zaidi. Ni muda. Tupeni misimu miwili kwa zile zile za miezi mitatu. Mlima hautembewi wakati wa mvua, na mzee wa miaka sabini hatembei kilomita kumi kwa siku. Na msituombe tuchague kati ya ngagi na mihogo kwenye fomu yenye visanduku viwili. Hapa watu wana haja ya vyote viwili, na wako tayari kusema wapi kimoja kiishie na kingine kianze.

Vijana mliouliza asubuhi kuhusu posho: hakuna posho, kuna chakula cha mchana.

Mkutano ukikubali, tunaanza Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya shule yenye ramani. Kila familia ilete mtu mmoja anayekumbuka majina ya vijito, hata kama macho yake hayaoni tena vizuri; tutamshika mkono. Mje na panga, maji ya kunywa na mabuti. Mama wa miavoka amesema atatangulia.